Kreatini imeshuka lakini mgonjwa anazidi kudhoofika: tusome karatasi ya majibu ya figo mstari kwa mstari

Nesi wa Zamu

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu katika hospitali moja ya rufaa. Ndugu wa wagonjwa wakishapewa karatasi ya majibu, kidole cha kila mmoja hutua palepale: kreatini. "Sista, wiki jana 1,150, leo 980, si anapona huyu?" Mistari miwili chini yake pameandikwa potasiamu 6.8 na hakuna hata mmoja aliyeiona.

Niseme mapema ili tusizunguke: kreatini haiui. Ni taka ya misuli inayotolewa na figo, na inapimwa kwa sababu ni rahisi kuipima. Ni shahidi tu. Wauaji wako kwenye mistari mingine, na ubaya wao ni kwamba wameshikana: ukimsukuma mmoja, mwingine anasogea. Ndiyo maana tiba nyingi za nyumbani zinapandisha mstari mmoja kwa nia njema kabisa, na usiku huohuo mstari mwingine unamleta mgonjwa kwetu kwenye machela.

Chukueni karatasi hii. Nimeitunga, si ya mtu yeyote, ila zinazofanana nayo tunaziona kila wiki. Mwanaume wa miaka 52, presha ya muda mrefu, anatapika, miguu imevimba:

Yurea 38
Kreatini 1,104
Potasiamu 6.7
Sodiamu 129
Bikaboneti 11
Kalsiamu 1.82
Fosfeti 2.9
Albumini 28
Hb 6.8

Kreatini hapo ni maikromoli kwa lita, albumini gramu kwa lita, Hb (kile kipimo cha wingi wa damu) gramu kwa desilita, zilizobaki milimoli kwa lita.

Mimi naanza na potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima inakaa kati ya 3.5 na 5 hivi. Karibu potasiamu yote ya mwili, asilimia 98, imo ndani ya seli. Inayopimwa kwenye damu ni ile kidogo iliyo nje, na moyo unapiga kwa kutegemea tofauti ya ndani na nje. Potasiamu unayokula hutolewa na figo kwa takriban asilimia 90, kidogo inayobaki hutoka kwa njia ya choo. Figo zikilala, inajikusanya nje ya seli, ile tofauti inapungua na umeme wa moyo unavurugika. Kwenye ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, utaona wimbi la T limechongoka, P inafifia, QRS inatanuka, mwishowe mawimbi mapana yasiyo na umbo. Si lazima zifuatane hivyo. Wapo ambao ECG yao ilikuwa ya kawaida na moyo ukasimama.

Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hasikii chochote. Wachache husema miguu imeisha nguvu, wanashindwa kuinuka kwenye kiti.

Sasa bikaboneti 11. Kawaida ni 22 hadi 29. Chakula, hasa cha protini, kinaacha asidi mwilini kila siku, kama milimoli moja kwa kila kilo ya uzito, na figo ndizo huitoa. Ikishindikana mapafu yanajaribu kusaidia: mgonjwa anahema kwa nguvu na kwa kina, haraka haraka, kifua kinapanda na kushuka na hana hata homa. Wengi hufika kwetu wameshatibiwa nimonia mara mbili. Na asidi hiyohiyo husaidia kusukuma potasiamu itoke ndani ya seli. Mmeona wanavyoshikana?

Mtu atasema basi apewe bikaboneti ya dripu haraka. Angalia kalsiamu kwanza. Hiyo 1.82 inatisha kuliko ilivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kalsiamu husafiri imebebwa na albumini, protini ya damu, na albumini ya huyu ni 28. Kwa kila gramu iliyopungua chini ya 40 tunaongeza 0.02, inakuja 2.06, chini kidogo tu ya kawaida. Lakini ukimwaga bikaboneti kwa kasi, kalsiamu iliyo huru inazidi kushikwa na albumini, vidole vinajikunja, na wengine hupata degedege. Kwa hiyo daktari anayeanza na kalsiamu kabla ya bikaboneti hajachanganyikiwa, mwacheni afanye kazi.

Sodiamu 129 nayo ndugu huisoma kama "chumvi imepungua, tumwongezee". Hapana. Chumvi mwilini imejaa tele, kilichozidi zaidi ni maji. Angalieni miguu.

Yurea, fosfeti na Hb nitarudi. Ulizeni.

Mtoto wa Mzee

Sista Nesi ubarikiwe sana, umeandika kama unamjua mzee wangu. Miaka 63, kisukari na presha. Ameambiwa aanze mashine Jumatatu. Hb yake 6.5, potasiamu 5.9.

Jana shangazi kaja kutoka Muheza na dumu la juisi ya kuongeza damu: bitiruti, matembele yamesagwa mabichi, rosela, na nyanya ya kopo juu yake. Kasema glasi asubuhi na jioni, mpaka Jumatatu damu itakuwa imejaa. Mzee mwenyewe anaitaka. Tumpe?

Nesi wa Zamu

Msimpe, hata nusu glasi. Shangazi mshukuruni, hilo dumu wanywe vijana wenye figo zao.

Kila kitu alichotia humo kina potasiamu nyingi, na nyanya ya kopo ndiyo mbaya kuliko yote maana imekaushwa mpaka ikawa nzito. Mzee ana 5.9 na hajala chochote cha ajabu. Kwa glasi mbili kwa siku hadi Jumatatu, sitaki hata kukisia.

Na hiyo damu haitapanda kwa juisi, kwa sababu haikushuka kwa kukosa chakula. Figo hutengeneza homoni iitwayo erithropoyetini ambayo huuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Figo zikifa, amri haiji. Uboho upo, chuma pengine kipo, anayetoa amri hayupo. Ndiyo maana tunachoma sindano chini ya ngozi, homoni yenyewe iliyotengenezwa kiwandani, baada ya kupima feritini kuona kama chuma kinatosha. Na hatuipeleki Hb hadi 14. Tunaishia 10 hadi 11.5 hivi, kwa sababu majaribio makubwa yaliyofanyika miaka ya 2000 yalionyesha wanaosukumwa kuelekea 13 wanapata kiharusi na matatizo ya moyo zaidi.

Kuongezewa damu ya chupa? Inawezekana, lakini damu iliyokaa benki inavuja potasiamu, na mwili hujenga kingamwili zitakazomletea shida siku akipata ndugu wa kumpa figo. Ikibidi, tunampa akiwa kwenye mashine ili potasiamu itoke hapohapo.

Maabara Kwetu

Naomba niingie kwenye potasiamu kwa upande wa wanaopima, maana lawama hutufikia sisi.

Si kila 7 ni 7 ya kweli. Chembe nyekundu zimejaa potasiamu, zikipasuka kwenye sampuli inamwagika yote. Zinapasuka mtu akivuta damu kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au akaisukuma kwa bomba la sindano ndani ya chupa. Mgonjwa akikunjakunja ngumi huku amefungwa mpira wa mkono, misuli inaachia potasiamu. Sampuli ikikaa saa kadhaa kituo cha afya ikisubiri bodaboda, inapanda. Na kuna wanaoiweka kwenye friji wakidhani wanaitunza: baridi inasimamisha pampu za seli, potasiamu inatoka polepole usiku kucha.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni cha kifuniko cha zambarau. Chupa ile ya kupimia wingi wa damu ina kemikali ya kuzuia damu isigande, na kemikali yenyewe ni chumvi ya potasiamu inayokamata kalsiamu. Mtu akiona chupa ya kifuniko chekundu, ile ya kupimia potasiamu, haikujaa akamiminia kidogo kutoka ya zambarau, yanakuja majibu ya potasiamu 14 na kalsiamu 0.3. Huku mgonjwa amekaa kitandani anakunywa chai. Mtu mwenye namba hizo kweli hangekuwa hai. Ukiona potasiamu imeruka na kalsiamu imeporomoka kwa pamoja namna hiyo, omba sampuli mpya.

Lakini kwa mgonjwa wa figo anayejulikana, msisubiri majibu ya pili ndipo muanze. Piga ECG, anza tiba, rudia kipimo.

Dokta Kalamu

Maabara Kwetu kasema kweli. Niongeze kinachofanyika pale chumba cha dharura, kwa sababu ndugu wengi hudhani sindano ya kwanza ndiyo imetibu.

Kalsiamu glukoneti ya mshipani haishushi potasiamu hata kidogo. Inaukinga moyo kwa nusu saa hadi saa moja. Insulini na glukosi huisukuma potasiamu irudi ndani ya seli kwa saa nne hadi sita, halafu inatoka tena. Salbutamoli ya kuvuta kwa mvuke, ile ya pumu, hufanya kazi hiyohiyo. Zote tatu zinanunua muda. Potasiamu bado imo mwilini, kama figo hazikojoi itatolewa na mashine. Kwa hiyo ukisikia "imeshuka hadi 5.4" saa mbili baada ya insulini, usimchukue mgonjwa kwenda naye nyumbani.

Na angalieni dawa. Enalaprili, losartani na spironolaktoni ni dawa nzuri, lakini hupandisha potasiamu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni pia. Inayosahaulika zaidi ni kotrimoxazoli ambayo watu wengi wanaoishi na VVU hunywa kila siku: inazuia potasiamu isitoke kwenye mkojo. Figo zikiwa nzima haisumbui sana. Zikiwa zimebaki kidogo, inatosha kumtoa mtu kwenye 5.5 hadi 6.8.

Shemeji wa Vihiga

Hamjambo wadau, salamu kutoka Kenya. Mamangu ana miaka 75, kilo 44. Hospitali ya kwanza iliandika kreatini 2.04, ya pili ikaandika 180, ndugu zangu wakaanza kulia kwenye simu. Baadaye tukaambiwa ni kitu kimoja. Sasa hii 180 ni mbaya ama si mbaya? Maana hapa juu naona mtu wa 1,104.

Lingine: mama hali mboga bila munyu wa kienyeji, ule wa kuchuja majivu ya maganda ya maharage. Tumemwachisha chumvi ya dukani kwa sababu ya presha, tukamwachia huo. Uko sawa?

Dokta Kalamu

Shemeji, 2.04 ni miligramu kwa desilita, ukizidisha kwa 88.4 unapata 180. Ni kitu kimoja kweli. Kila mkibadilisha hospitali angalieni kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba.

Ni mbaya kwa nani, hilo ndilo swali. Kreatini inatoka kwenye misuli, na bibi wa kilo 44 hana misuli mingi, kwa hiyo hata figo zikiwa hoi kreatini yake haitafika mbali. Ukiingiza 180 kwenye fomula inayotumika sasa, kijana wa kiume wa miaka 25 anapata uchujaji wa figo wa karibu mililita 46 kwa dakika. Mama wa miaka 75, kwa 180 hiyohiyo, anapata 25. Kijana yuko hatua ya tatu ya ugonjwa wa figo, mama yuko ya nne. Kuanzia chini ya 15 tunaita hatua ya tano. Na akiwa amekonda sana hata hiyo 25 inaweza kuwa inampendelea.

Zamani kulikuwa na jambo la ajabu zaidi: fomula zilizotoka Marekani zilikuwa na kizidisho cha mtu mweusi, moja wapo ikiongeza matokeo kwa asilimia 21, kwa madai kwamba watu weusi wana misuli zaidi. Wagonjwa wetu wakaonekana wana figo nzuri kuliko walizonazo. Fomula ya 2021 imekiondoa. Kama mashine ya maabara yenu bado inatoa mistari miwili, wa weusi na wa wengine, msitumie ule wa weusi.

Munyu wa majivu uondoeni leo. Majivu ya mimea ni potasiamu kwa wingi, mmemtoa kwenye sodiamu mkamtia kwenye potasiamu. Hata zile chumvi za dukani zinazouzwa kama salama kwa presha, nyingi zimechanganywa na kloridi ya potasiamu. Kwa mgonjwa wa figo ni sumu. Na magadi ya kulainishia maharage yamejaa sodiamu, nayo si mbadala.

Bi Forodhani

Asalaam alaykum. Mie nna suala dogo. Huku kwetu Unguja mtu akiambiwa figo, la kwanza analetewa madafu, ati yanasafisha. Kaka yangu kashaanza kuletewa mashada kwa mashada. Na achari ya birimbi ndiyo hamu yake, wali haushuki bila birimbi. Nimzuie vyote? Atasema nataka kumuua kwa njaa.

Nesi wa Zamu

Wa alaykum salaam dada. Dafu mkatazie kabisa. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi kuliko vinywaji vingi vya kawaida, ndiyo maana ni mazuri kwa aliyeharisha mwenye figo nzima. Kwa kaka yako ni kinyume: potasiamu juu, na maji juu yake.

Birimbi lina shida nyingine, asidi ya oksaliki. Kule Kerala, India, kuna taarifa za madaktari kuhusu watu waliokunywa juisi ya birimbi kushusha mafuta ya damu, figo zao zilizokuwa nzima zikafungwa na fuwele za oksaleti. Na jamaa yake, lile tunda la kijani lenye mbavu tano ambalo kipande chake kinatoka umbo la nyota, ni hatari zaidi kwa waliokwisha kuumwa. Lina sumu ya mishipa ya fahamu ambayo figo nzima huitoa bila wewe kujua. Watafiti wa Brazil waliitambua 2013 wakaiita karamboksini. Mgonjwa wa figo akilila anaanza kwikwi isiyokoma, anachanganyikiwa, anapata degedege, na wengine wamekufa. Kwikwi ya namna hiyo ni dharura, mleteni.

Asife njaa lakini. Wali mweupe anakula. Ugali wa sembe ni bora kwake kuliko dona, najua mmezoea kusikia kinyume. Viazi, ndizi za kupika, mchicha, maharage: menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji, ndipo uunge. Mchuzi wa kuchemshia usinywewe, potasiamu iliyotoka iko humo. Hapo ndipo supu ya ndizi inapowaponza watu, wanatupa nyama wanakunywa supu.

Mzee wa Korogwe

Mnaongea kitaalamu sana lakini mimi nina macho. Walioanza mashine mtaani kwetu wote wamezikwa. Na jirani yangu alikuwa na kisukari kibaya, akanywa dawa za miti, sukari ikashuka yenyewe mpaka akaacha insulini. Hospitali walishindwa miaka yote. Sasa hivi anasumbuliwa na kuvimba tu.

Dokta Kalamu

Shikamoo mzee.

Huyo jirani apimwe figo wiki hii, tafadhali mwambie. Insulini, ile ya mwili na hasa ile ya sindano, husafishwa pia na figo. Figo zikifeli insulini inakaa kwenye damu muda mrefu, sukari inashuka, mtu anaanza kupunguza dozi mwenyewe, kisha anaacha. Familia inafanya sherehe. Mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye ghafla hahitaji insulini na amevimba, huyo kwangu ni mgonjwa wa figo mpaka vipimo vikatae. Hata kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hudanganya akiwa na upungufu wa damu wa figo, mara nyingi kinaonyesha nzuri kuliko hali halisi.

Nesi wa Zamu

Marahaba zote ni za Dokta, mimi najibu la mashine. Mzee, hukosei kwamba watu wanakufa. Wanakuja na potasiamu 7.5 na bikaboneti 7 baada ya kuzunguka miezi sita, wanapata vipindi viwili, hela inaisha, wanarudi nyumbani. Anayehesabiwa kuuawa na mashine ameuawa na kukosa mashine.

Wengi pia wanakuja kwa mara moja kwa wiki kwa sababu ndiyo uwezo wa familia, wakati kipimo cha kawaida ni mara tatu, saa nne kila moja. Potasiamu haijui kwamba mchango wa ukoo umechelewa.

Maabara Kwetu

Mzee wa Korogwe, hata aliyeitengeneza mashine alianza na makaburi. Kolff, daktari wa Kiholanzi, aliijenga wakati wa vita pale Kampen, kwa utando wa selofani wa kutengenezea soseji uliozungushwa kwenye pipa la mbao. Kuanzia 1943 karibu wagonjwa wake wote walikufa. Mwaka 1945 akaletewa mama wa miaka 67 aliyepoteza fahamu, akamsafisha saa 11 mfululizo, akazinduka. Huyo figo zake zilikuwa zimefeli ghafla, zikarudi. Wa kudumu walisubiri hadi 1960, Seattle, ilipopatikana njia ya kuacha mrija kwenye mkono bila kuchoma mishipa upya kila mara.

Mtoto wa Mzee

Wakuu, mzee ameanza Jumatatu. Shangazi alinuna lakini dumu halikufunguliwa.

Nina malalamiko na swali. Lalamiko: tumelipia kipindi kizima, wakamtoa baada ya saa mbili. Nesi wa pale kasema "leo inatosha" basi, hakueleza. Swali: potasiamu ilikuwa 6.1 kabla, alipotolewa ikawa 4.4, Jumanne asubuhi 5.2. Hajala ndizi, hajala nyanya, ni uji na wali tu. Mashine yao mbovu?

Nesi wa Zamu

Mashine nzima kabisa. Mashine husafisha damu, na damu ni sehemu ndogo. Nimesema asilimia 98 iko ndani ya seli. Ukishamtoa, ile ya ndani inaendelea kutoka nje kutafuta usawa, kwa hiyo saa chache baadaye namba hupanda. Ndiyo sababu hatufurahii sana namba ya dakika anayotoka. Inayotuongoza ni ya kabla ya kipindi kinachofuata.

Za saa mbili mngeelezwa, hilo nakubaliana nawe. Sababu ni yurea, ambayo sikuieleza mwanzoni. Yurea ya juu sana inakuwa imeenea kote, mpaka kwenye ubongo. Ukiitoa kwenye damu kwa kasi siku ya kwanza, ile ya kwenye ubongo inachelewa kutoka, na maji yanaifuata huko. Ubongo unavimba: kichwa kinauma, anatapika, anaweza kupata degedege hapohapo kwenye kiti. Kwa hiyo kipindi cha kwanza ni kifupi na damu inazungushwa polepole, cha pili kirefu kidogo, kisha za kawaida. Waliomtoa mapema walikuwa wanajua wanachofanya.

Yurea yenyewe si sumu kubwa kuliko zote, inawakilisha kundi la taka ambazo hatuzipimi. Zikijaa, utando wa moyo unawaka, chembe sahani zinashindwa kugandisha damu, fizi zinavuja, mdomo unanuka mkojo. Ila msiishangilie kila ikishuka. Mgonjwa aliyeacha kula nyama yurea yake hushuka pia, na albumini inashuka nayo. Kreatini vivyo hivyo: misuli ikiyeyuka, inashuka. Hilo ndilo jibu la kile kichwa cha uzi.

Bi Forodhani

Na kuwasha je? Kaka anajikuna usiku kucha, mgongo una makovu. Wamempa vidonge vya kalsiamu, anavinywa asubuhi kabla hajala kitu.

Dokta Kalamu

Vidonge hivyo anavinywa wakati usio wake, vinapita bure. Kalsiamu kaboneti hapo haipewi kwa ajili ya mifupa. Inakamata fosfeti ya chakula tumboni isiingie kwenye damu, kwa hiyo anywe katikati ya chakula, na mlo usio na kitu cha kukamata hauhitaji kidonge.

Figo zikifeli fosfeti inapanda, na vitamini D haikamiliki kwa sababu figo ndizo huikamilisha, kalsiamu inashuka. Tezi nne ndogo za shingoni, nyuma ya thairoidi, zinaona kalsiamu imepungua, zinamwaga homoni ya PTH inayochimba kalsiamu kwenye mifupa. Mifupa inalegea, kalsiamu na fosfeti zinakwenda kuganda kwenye kuta za mishipa ya damu na vali za moyo. Fosfeti huchangia kuwasha, ingawa si peke yake.

Mashine haiiwezi sana fosfeti, kipindi cha saa nne hutoa kama gramu moja au chini yake, na chakula cha siku moja kina kiasi kama hicho. Kwa kaka yako ningeanza na dagaa, maana huliwa na mifupa yake, na soda nyeusi, kwa sababu fosfeti iliyotiwa kiwandani hufyonzwa karibu yote. Maziwa kidogo tu.

Shemeji wa Vihiga

Munyu tumemwaga. Mama anasema mboga sasa ni majani tu. Tumejaribu ndimu na kitunguu, anakula akinung'unika.

Mtoto wa Mzee

La mwisho kabla sijakaa kimya. Ratiba ya mzee ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumatatu ijayo kuna harusi ya mdogo wangu Morogoro. Kuna anayesema aruke, aende Jumanne.

Nesi wa Zamu

Asiruke Jumatatu katu. Huyo tayari ana pengo la siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2011 ulionyesha vifo na kulazwa kwa matatizo ya moyo hupanda siku ile inayofuata pengo refu kuliko siku nyingine za wiki. Ukisogeza hadi Jumanne unalifanya la siku tatu, tena zenye pilau, soda na kachumbari.

Pigeni simu kitengo chenu leo, si Ijumaa. Ombeni nafasi Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri, vituo vingi vina zamu ya kwanza mapema sana. Au muombe barua ya rufaa asafishwe Morogoro, nao watataka majibu ya karibuni ya homa ya ini B na C na VVU, aina ya chujio na uzito wake mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada. Bila hivyo watawarudisha mlangoni. Na kwenye harusi wali ale, kachumbari apishe.